Kizibo cha Injini na Posa ya Busasamana

Ineza wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua wale, hawatakuachia mpaka wamalize nyimbo zote za kitabu. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kuchungulia begani kwangu na kunisahihisha. Nakuandikia Kiswahili. Kinyarwanda changu cha kuandika unakijua, kinachekesha watu. Kifaransa nakiwekea watu wa benki. Kiswahili ndicho nilichofundishwa nacho kushika kalamu kule Goma kabla hatujarudi huku kwetu, na ndicho ninachokugombeza nacho kila siku, donc utanisikia vizuri.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutompa mtu namba ya siri ya simu nimemwachia shangazi yako. Ameyasema mpaka nadhani begi lenyewe limeyakariri. Mimi nataka kukueleza habari za gari.

Najua, najua. Unakwenda Kigali kutengeneza pikipiki za umeme, zisizo na oili, zisizo na moshi, zisizo na pistoni. Juzi ulipokuwa uani unamweleza papa yako, mimi niliuliza, "Na ikitaka kupumua, inapumulia wapi?" Ukacheka, ukasema, "Haipumui, mama." Nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Katika maisha yangu yote kuna jambo moja tu la ufundi ninalolijua sawasawa, nililipata kwa aibu kubwa, na mtoto wangu aliyekuja kuwa fundi anakwenda mahali ambapo halina kazi. Utalisikiliza hivyo hivyo.

Sokoni wananiita Mama Kizibo. Siku moja ukiwa na hasira uliniambia ni kwa sababu mimi ni mfupi na mnene. Nikakuacha uamini hivyo, maana ilikuwa afadhali kuliko ukweli. Ukweli ni huu.

Unaikumbuka ile Hiace yangu ya dizeli niliyokuwa nabebea nyanya na vitunguu, na siku za sikukuu naikodisha kwa watu. Injini yake ililala chini ya viti vya mbele. Ukiinua kiti unaiona imekaa pale kama kuku anayeatamia. Juu ya injini kulikuwa na mdomo mdogo wa chuma, na kwenye ule mdomo bomba la mpira lililorudi mahali injini inapovutia hewa. Bomba lilikuwa limepasuka kwa uzee. Moshi wake, badala ya kurudi ndani, ulitoka chini ya kiti na kutukalia puani. Watu walilalamika. Mmoja alikuwa muuza sambaza wa Rubona, mama anayenuka samaki tangu Jumatatu mpaka misa ya Jumapili, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba gari yangu inaharibu harufu ya bidhaa zake. Nilimeza. Lakini iliniuma.

Ndipo baba yako mdogo Olivier akapata mchumba Busasamana, Claudine. Wewe unamjua Claudine kama mke wa baba mdogo anayekupa viazi kila ukienda, lakini wakati ule alikuwa binti wa watu wagumu. Wakulima wa mlimani, watu wa kuamka na jogoo. Walisikia kwamba sisi wa mjini, wa huku ziwani, tunapenda kujionyesha na hatuko makini, na walikuwa wamekwisha kuikataa posa mara moja. Olivier alikonda. Kila jioni alikuja hapa Nengo, akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, akasema wakikataa tena yeye atavuka mpaka aende zake Congo asirudi. Papa yako alimwambia kule mpakani kuna foleni.

Msemaji wetu wa posa alikuwa Mzee Gaspard, mjomba wa papa yako, mkurugenzi wa shule aliyestaafu. Hakuna mtu katika ukoo aliyeweza kusema kama yeye, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Akianza hotuba alianzia kwa Adamu, na kabla hajafika kwa Nuhu watoto walikuwa wamelala. Alipaswa kukaa mbele, pembeni yangu, kwa heshima ya kazi yake, na alinitumia ujumbe kwamba kifua chake ni dhaifu, gari isimfukize.

Fundi nilikuwa naye, Bahati wa Rubona, yule aliyetengeneza mota za mitumbwi na magari machache. Angenikatia bomba jipya na kazi ingekwisha. Lakini Bahati alikuwa mtu wa maneno. Kabla hajagusa boneti lazima akuhadithie mota zote alizofufua tangu alipozaliwa, akiwa amevaa kofia yake ya nahodha, yeye ambaye akipanda mtumbwi anatapika. Sikuwa na moyo wa kumsikiliza siku ile. Nikasema, hii ni tundu tu, na tundu dawa yake ni kuziba.

Nikachukua kipande cha mkaratusi, nikakichonga kwa kisu cha jikoni. Nikakifunga kitambaa. Nikang'oa lile bomba bovu, nikakigongomea kizibo changu kwenye ule mdomo kwa jiwe, kisha nikakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakaza mpaka vidole vikaniuma. Nikawasha gari. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu. Nilimwita papa yako aje anuse.

Papa yako alikuja na viatu vya ofisini, akainama, akanusa, akasema ni kweli. Halafu akauliza, "Lakini ule moshi ulikuwa unatoka kwa sababu gani?"

Nilimwambia yeye ashughulike na mihuri yake kule ofisi ya sekta.

Tulipoondoka siku ya posa, gari ilikuwa inanukia manukato. Shangazi zako walikuwa nyuma, wamevaa mishanana yao ya sherehe, wanaimba. Wewe ulikaa katikati yao, meno ya mbele huna. Olivier alifuata kwenye gari ya rafiki yake, pamoja na papa yako. Mzee Gaspard alikaa pembeni yangu, amevaa nyeupe kuanzia begani mpaka kwenye viatu, fimbo mkononi, anajifunza hotuba yake polepole. Mji uliisha, barabara ikaanza kupanda, mawe yale meusi ya volkano yakaanza kutugonga chini. Nilikanyaga mafuta. Gari ilikuwa imejaa na mlima ni mlima.

Kwanza nilisikia mluzi, mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikadhani ni shangazi yako anashika sauti ya tatu. Mzee Gaspard alikuwa amefika kwa mababu zetu waliotuachia heshima ya ng'ombe. Alitamka neno "heshima", na chini yake kitu kikalia pu!

Kilikuwa ni kile kijiti cha kupimia oili. Kiliruka kutoka kwenye tundu lake kikagonga bati la kiti kwa chini, na oili ya moto ikafuata nyuma yake kama mvuke, ikatafuta upenyo pembezoni mwa kiti, ikaupata upande wa Mzee. Mimi sikupata hata tone. Nyingine ilimwagikia bomba la ekzosi, na moshi uliojaa mle mbele ulikuwa baba na babu wa ule niliouzuia. Nilisimamisha gari, nikazima, mimi na Mzee tukatoka tukikohoa. Shangazi zako waliendelea kuimba kidogo, kwa sababu nyuma hawakuwa wamejua, kisha nao wakashuka.

Mzee Gaspard alisimama kando ya barabara. Vazi lake lilikuwa na madoa kama chui. Kidevu kilikuwa cheusi, na kioo kimoja cha miwani kilikuwa cheusi, kwa hiyo alinitazama kwa jicho moja. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Espérance, hii ni nini?"

Hapa, Ineza, ndipo nataka usome taratibu. Kizibo kilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anausamehe kabla hujamaliza kuomba. Lakini nilisema, mbele ya shangazi zako, mbele ya Olivier aliyekuwa ameshafika na rafiki yake, mbele ya wakulima waliosimama na majembe yao kutazama: "Ni Bahati. Fundi Bahati wa Rubona. Aliishika hii gari wiki iliyopita, ameiharibu."

Bahati hakuwa ameigusa kwa miezi. Lakini neno lilitoka lenyewe, laini, limepakwa oili.

Gari ya rafiki wa Olivier isingetutosha, kwa hiyo tulimaliza njia wote kwa miguu. Tulichelewa, na wenyeji wakatutoza faini ya kreti ya bia, kama ilivyo desturi. Tukakaa. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka, alimtazama Mzee Gaspard kutoka juu mpaka chini. Akasema walikuwa wameambiwa kuna watu wanakuja kuomba binti. Hakuna aliyewaambia kwamba wageni wenyewe ni wachoma makaa.

Upande wao wakatabasamu. Mzee Gaspard alisimama. Akafungua mdomo, na nikaona kwenye lile jicho lake moja kwamba Adamu ameondoka, Nuhu ameondoka, mababu wote wameondoka. Hotuba ilibaki njiani pamoja na oili. Olivier alifumba macho. Mimi niliomba rozari bila rozari.

Mwishowe akasema, "Tumekuja na gari mbaya na kijana muzuri. Gari, mutatusaidia kuizima. Kijana, mumuangalie wenyewe."

Akakaa.

Bibi yake Claudine ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu yule msemaji akashindwa kujizuia, halafu uwanja mzima. Baadaye yule msemaji alimwambia papa yako kwamba walikuwa wamejiandaa kutukatalia tena, kwa sababu ya majivuno, lakini huwezi kumwambia mtu aliyekaa mbele yako na kidevu cha oili kwamba anajivuna. Posa ile iliisha jua likiwa bado kali. Katika ukoo wetu hakuna anayekumbuka hotuba nyingine ya Mzee Gaspard ila hiyo.

Ningekomea hapo, ungecheka ukalala. Lakini papa yako, bila kuniambia, alikuwa amempigia Bahati simu. Na Bahati alipanda mlima kwa pikipiki ya kukodi, dumu la oili amelibana katikati ya magoti, kofia ya nahodha kichwani. Tulikuwa tumeshuka tena mpaka kwenye gari, mimi, papa yako na wewe, na kiazi cha kuchemsha mkononi mwako. Bahati aliinua kiti. Alitazama kwa muda. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuhadithia mota hata moja.

"Nani alifunga hii?" akauliza.

Nilisema hakuna mtu aliyegusa.

Wewe ukatoa kiazi mdomoni ukasema, "Ni mama. Alifunga sababu gari ilikuwa inajamba."

Bahati alikaa chini barabarani. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alipopata pumzi alinieleza, na nakupa maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sijapata kusikia mtu akieleza vizuri kuliko hivyo: "Mama Ineza, injini yote inajamba. Hata ya mupya. Moto iko juu ya pistoni, oili iko chini, na pistoni haiwezi kufunga kabisa kabisa. Kila mara moshi kidogo inateleza, inashuka kwenye tumbo, kule oili inakaa. Sasa iko ndani, inataka kutoka. Bon, waliitengenezea njia yake. We ukafunga njia. Unazani itarudi kwenye ilitoka? Itasukuma oili, itapasua sili, itarusha kijiti. Itatoka tu." Akaking'oa kizibo kwa koleo, kwa shida, akakigeuzageuza mbele ya macho yake. "Lakini umekichonga vizuri," akasema. "Vingine vyote vimetoka. Chenyewe kimebaki."

Nilipogeuka, Mzee Gaspard alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alifika saa ngapi. Alinitazama, akatazama kizibo, akamtazama Bahati, ambaye hakujua bado nilichosema juu yake. Kisha akaondoka, akaenda kupanda lori la viazi ambalo wakwe walitupa liturudishe. Tuliteremka mlima hivyo, wajumbe wa posa juu ya magunia, mishanana imekunjwa mapajani, na Bahati nyuma yetu anaendesha Hiace pole pole, imejazwa oili mpya na inavuja njia nzima kwenye ile sili iliyopasuka.

Nilidhani yamekwisha. Nilimlipa Bahati, akaweka bomba jipya na sili nyingine, sikumwambia kitu. Lakini neno langu lilikuwa limeshuka mlima haraka kuliko lori. Rubona ni ndogo. Wenye mitumbwi wawili waliondoa mota zao kwake. Walisikia kwamba aliharibu gari ya posa. Papa yako ndiye aliyeniletea habari hizo, akivua viatu, kama mtu anayesema mvua imeanza. Nilisema nitakwenda nimuombe Bahati msamaha, faraghani. Papa yako alisema, "Ulimsema barabarani." Hakuongeza. Wewe unajua papa yako, haongezi.

Kwa hiyo siku ya harusi, baada ya keki, niliomba maikrofoni. Mshereheshaji alidhani natangaza zawadi, akaniwekea na muziki. Nilisimama mbele ya wakwe wote wa Busasamana na nusu ya mji wetu wa Gisenyi, nikasema ni mimi niliyeziba injini kwa mti, fundi Bahati hakuwa na kosa, mimi nilisema uongo kwa sababu niliona haya. Muziki uliendelea kucheza peke yake.

Halafu, kutoka meza ya wazee, Mzee Gaspard akasema, "Rudia, mama. Hapa nyuma hatujasikia."

Nikarudia. Akaniambia tena, eti spika ni mbaya. Nilirudia mara ya tatu, na hapo watu walikuwa wanagonga meza, na mtu fulani, sitamtaja kwa sababu ni shangazi yako, akapiga kelele "Mama Kizibo!" Bahati alisimama, akavua kofia, akainama kama askofu, kisha akachukua maikrofoni mkononi mwangu na kuwatangazia wageni garaji yake iko wapi na inafunguliwa saa ngapi. Mzee Gaspard alinisogelea baadaye, akanipa sahani ya nyama. Tangu siku ile alikubali kupanda gari yangu, lakini nyuma.

Mwenye mtumbwi mmoja alirudi kwa Bahati. Mwingine hakurudi mpaka leo. Bahati hajawahi kunitajia. Nilisikia kwa mtu mwingine. Hilo nalo nakuandikia, ili usifikiri kwamba maikrofoni inarudisha kila kitu.

Usidhani nakuletea mfano wa mhubiri, eti injini ni moyo na bomba ni sala. Injini ni injini. Lakini mimi ni mtu wa kuziba, Ineza, na ukijua hivyo utanielewa katika mengi. Uliponiambia hutaki kusoma uhasibu, unataka ufundi, nilisema mazungumzo yameisha, na nilidhani yameisha kweli kwa sababu hukusema tena. Nyumba ikawa tulivu miezi mingi. Nikajisifu kwa jirani jinsi ulivyo msikivu. Halafu siku ile maharage yaliungua, nikakuuliza ulikuwa unafikiria nini, nawe ukanijibu. Ayi we! Ulinijibu mambo ya miaka minne. Majirani walizima redio ili wasikose. Nilisimama na sufuria nyeusi mkononi, nikiwa na hasira ya kufa, na kichwani namsikia Bahati anasema itatoka tu. Kesho yake nilikupeleka kujiandikisha. Hukuniuliza kwa nini nimebadilika, nami sikusema, kwa sababu ningesemaje? Kwamba ni kwa ajili ya Hiace?

Ukifika kule utakuwa na bosi, na wenzako, na pengine kijana mmoja ambaye sitaki kumjua bado. Utakosea. Utaunganisha waya usiotakiwa na kitu cha watu kitaungua. Sikuombi usikosee, maana ningekuwa mnafiki mwenye oili mikononi. Nakuomba tu, ile sekunde ya kwanza, mtu anapokuuliza hii ni nini, usitaje jina la mtu mwingine. Sekunde hiyo ikipita salama, nyingine zote ni rahisi. Na ukinikasirikia, nipigie siku hiyo hiyo. Nitakuambia nina wateja. Usikate.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, mko njiani kurudi, na bado mnaimba. Nimalize.

Nilikuambia kwamba asubuhi sitakuja kituoni kwa sababu napokea nyanya. Hakuna nyanya. Nyanya zinakuja Alhamisi. Nilisema hivyo kwa sababu najua nitalia, na mimi silii kama watu wengine, nalia kama king'ora, na wapakia mizigo wote pale wananifahamu. Nimebadilisha mawazo. Nitakuja, na nitalia kwa sauti yangu yote mpaka basi litoke. Wewe kaa dirishani, na konda akikuuliza yule mama ni nani, mwambie ni wako.

Mama yako,
Espérance